Tuliza mikono, kisha chora: nilivyoupata Ganimedi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, siku ya tatu leo naangalia sayari ya Mshtarii kwa darubini, naona ukungu tu. Hiyo miezi yake iko wapi?"

Ujumbe huo umenirudisha kidato cha pili. Kwenye jaribio niliandika kwamba kuna mwezi mkubwa kuliko sayari ya Utaridi. Mwalimu akanipiga mkasi mwekundu, akasoma jibu langu mbele ya darasa, wenzangu wakacheka hadi kengele ikalia. Na nilikuwa nimepata! Ganimedi, mwezi wa Mshtarii, una kipenyo cha kilomita 5,268. Utaridi ina 4,879. Kwa uzito ndiyo haufikii hata nusu ya Utaridi, maana sehemu kubwa yake ni barafu. Mpaka leo nikiziandika tarakimu hizo kifua kinanibana.

Nilipoanza kupata hela nikanunua darubini iliyoandikwa "mara 500" kwenye boksi. Nikaona mtetemo tu. Msinunue hizo. Iliyonifaa ni ya mtumba, ya macho mawili, inayokuza mara 10. Usiku ule niliegemeza viwiko kwenye pipa la maji uani, nikabana pumzi. Ukungu ukajikusanya ukawa kiduara, na pembeni nukta nne kwenye mstari mmoja: tatu huku, moja kule. Ndiyo miezi yenyewe, Ganimedi ukiwemo. Nilimwita mama kwa sauti hadi majirani wakatoka.

Kwa hiyo mdogo wangu, tuliza mikono. Egemea ukuta, egemea mwembe, chochote, ila mikono itulie.

Kisha chora zile nukta zilipokaa, kila usiku. Ganimedi kwa kawaida unang'aa kuliko wenzake watatu, lakini usitegemee mng'ao peke yake. Unazunguka Mshtarii kwa siku 7 na saa chache. Ukiuona leo umekaa mbali upande mmoja, baada ya wiki utaukuta karibu palepale. Galileo Galilei, mwanasayansi wa Italia, alichora hivyohivyo Januari 1610, usiku baada ya usiku, mpaka akajua zile si nyota. Vijana, tumezoea mno kuambiwa! Kalamu mnazo, anga halina kiingilio. Chombo cha anga cha Ulaya kiitwacho JUICE kiliondoka Aprili 2023 na kinatarajiwa kufika huko 2031, na Ganimedi ndio shabaha yake kuu. Wewe unashindwa kutoka uani?

Daftari langu la usiku ule ninalo bado. Lina duara, nukta nne, na tone la maji ya pipa lililofuta nusu ya tarehe.