Kiongozi haonekani, nimsadiki nani?

Barazani na mzee wa redio: wasomaji wanauliza

SWALI: Asalaam alaykum babu. Mimi mvuvi, kwetu Mtambwe. Mwaka 2021 tuliambiwa Rais Magufuli mzima, anachapa kazi, na mwenye kusema anaumwa ni mzushi. Siku tano baadaye tukatangaziwa kifo. Tokea hapo kiongozi yeyote, wa kwetu au wa nchi za watu, akipotea machoni wiki mbili, mimi nasadiki ya mitaani, na nikitumiwa sauti kwenye simu naisambaza. Mke wangu anasema nitawatia matatani. Nani ana haki?
Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Kuhusu simu, mkeo ana haki. Kuhusu mengine, kaa kitako nikwambie.

Mimi nimesoma matangazo ya vifo redioni miaka ishirini na kitu. Karatasi huja imechanwa kwenye daftari la skuli, mwandiko wa haraka, wino umelowa jasho la kiganja. Juu jina la marehemu, chini jamaa wa kuarifiwa: fulani wa Konde, fulani wa Makangale, fulani aliyeko Muscat. Nilikuwa siipokei mpaka aliyeileta anijibu matatu: maiti iko wapi, maziko saa ngapi, na wewe nani wake. Siku moja nilikuwa na haraka, sikuuliza. Nikasoma jina la bwana mmoja wa Bumbwini, inna lillahi, na majina ya jamaa zake wote. Saa mbili hazijapita, bwana mwenyewe huyo getini, kavaa msuli, bakora mkononi, anamtaka aliyemuua. Kumbe aliyeleta karatasi alikuwa na ugomvi naye wa minazi. Tokea siku ile maswali yangu matatu sikuyaacha tena kazini. Barazani niliyaacha, nitakuja huko.

Yachukue uyapeleke Machi 2021. Tarehe 27 Februari Magufuli alimwapisha Dk. Bashiru Ally kuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Kisha kimya. Kwa kiongozi mwingine wiki mbili si kitu. Kwa yule, ambaye leo anazindua barabara, kesho anamtumbua mkurugenzi mbele ya kamera, wiki moja ilitosha watu kutazamana. Ukiuliza mitaani yuko wapi, utaambiwa Nairobi, ukigeuka India, ukirudi hapo hapo Dar. Kafa lini? Kila asubuhi alikuwa anakufa upya. Na wewe nani wake? "Nimetumiwa."

Lakini maswali hayo hayo yapeleke upande wa pili, maana haki ni haki. Ijumaa ya tarehe 12, Waziri Mkuu Majaliwa akiwa Njombe alisema Rais yupo, mzima, anaendelea na kazi. Yupo wapi? Nani kamwona, na lini? Hata picha moja ya kunywa chai haikutoka. Jumatatu ya tarehe 15 Mama Samia, wakati ule Makamu, alikuwa ziarani Tanga, akazungumzia mwanadamu kukaguliwa mafua na homa kuwa ni jambo la kawaida, na akataka watu washikamane. Mtu aliyeishi kwa kutangaza misiba anaijua sauti ile. Mimi nilizima redio nikenda kuswali.

Jumatano usiku, tarehe 17, ndiye yeye aliyetoka TBC. Na tazama tangazo lake lilivyokaa: maradhi ya moyo ya zaidi ya miaka 10, tarehe 6 Machi kalazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, tarehe 7 karuhusiwa, tarehe 14 kapelekwa Hospitali ya Mzena, kafariki saa 12 jioni ya Jumatano ile ile. Mahali, saa, na mtu aliyesimama na jina lake. Karatasi kamili. Ila ukizirudia tarehe hizo utaona kwamba lile la Njombe lilisemwa siku tano baada ya Rais kutoka kitandani mwa spitali, na hakuna aliyetutajia kitanda. Hilo ndilo lililokutia wewe maradhi ya kusadiki kila kitu.

Sasa aibu yangu. Tarehe 10 hivi, kwenye baraza ya kahawa ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, kikombe mkononi, nilisema kwa sauti ya taarifa ya habari: "Kesha kufa yule, kafia Nairobi." Muuza kahawa akaacha kumimina. Rafiki yangu wa miaka arubaini akanyanyuka akenda zake, hakusema nami mpaka karibu na Ramadhani. Msiba ulipotangazwa vijana wakaja kunipa mkono: mzee, wewe ulijua! Sikujua kitu mwanangu. Nilibahatisha. Mji niliukosea, na siku niliikosea kwa wiki nzima. Karatasi yangu ile ingeletwa dirishani kwangu kazini, ningeirudisha.

Wewe wa Mtambwe unao mfano mlangoni kwako. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alipougua, chama chake, ACT-Wazalendo, kilitoka mwisho wa Januari kikasema ana korona, wakati neno lenyewe lilikuwa halitamkwi nchini kwa sauti. Watu wakajua yuko spitali, wakasoma dua. Alipofariki Muhimbili tarehe 17 Februari, Rais Mwinyi wa Zanzibar akatangaza, na kesho yake mkamzika hapo kwenu. Uvumi ulikuwepo, uvumi haukosekani Unguja wala Pemba, lakini haukuwa na cha kula. Kutoka msiba ule hadi ule wa pili ni mwezi mmoja kamili, na nchi ni hii hii.

Kuficha si jambo la juzi, kama unadhani. Sayyid Said, mfalme wa Unguja na Oman, alifia baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye chomboni, akamteremsha baba yake na kumzika usiku mji haujajua, akitaka awahi kiti. Hakukipata, alikaa ndugu yake Majid, na Barghash akangoja hadi 1870.

Na ile simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayesambaza habari ya uongo, na faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Machi ile polisi walikamata watu. Ukipokea sauti isiyo na mahali, saa wala mwenyewe, iache ilale humo humo. Uza samaki wako.

SWALI: Babu shikamoo. Rais wa Muungano akiugua muda mrefu, katiba inasemaje?
Mwanafunzi, Jang'ombe

JIBU: Marahaba. Ibara ya 37. Akiwa nje ya nchi au hawezi kazi, Makamu anashika, na Makamu asipokuwepo, Waziri Mkuu. Akifariki, Makamu anaapishwa kumaliza muda uliobaki. Mama Samia wa Kizimkazi aliapishwa hivyo tarehe 19 Machi 2021, siku ya pili baada ya tangazo.

Pagumu ni pale mgonjwa yupo lakini hasemi. Hapo Baraza la Mawaziri linaweza kumwomba Jaji Mkuu athibitishe kuwa Rais hawezi kazi kwa maradhi ya mwili au akili, na Jaji Mkuu anaunda bodi ya madaktari wasiopungua watatu. Bodi hiyo haikai mpaka mawaziri waombe. Na mawaziri, mjukuu wangu, kila mmoja wao kateuliwa na huyo huyo aliyelala. Waulize wenzako darasani nani angenyanyua mkono wa kwanza.