Mbwa aliyeganda usimwandike "ametulia"

Kwa nyie mnaoanza kusomea tabia za wanyama na mnataka kufanya utafiti kwa wanyama wa tiba, haya nimeyapata kwa kukosea.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mbwa mmoja anayepelekwa kwa wagonjwa nimwangalie, nikajaza fomu "ametulia" karibu kila dakika, msimamizi wangu akanirudishia video akasema iangalie tena bila sauti. Aisee. Yule mbwa alikuwa ameganda, mdomo kaufumba, kila akishikwa kichwa anajilamba pua, anageuza uso pembeni mpaka weupe wa jicho unaonekana, anapiga miayo na wala hana usingizi, yaani dalili za mbwa mwenye msongo. Mimi nilimwona mpole kwa sababu wagonjwa walikuwa wanatabasamu, yaani muda wote nilikuwa nawaangalia watu. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo kabla hujakimbilia vipimo, andika ethogramu yako, yaani orodha ya vitendo vya mnyama utakavyohesabu na maelezo ya kila kimoja, vizuri: kitendo kinachoonekana, sio hisia. "Amefurahi" sio kitendo, "anatikisa mkia" ndo kitendo, na hata huo mkia una mambo yake maana mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba mbwa akimwona mtu wake mkia unaelemea zaidi kulia, akiona mbwa mgeni mbabe unaelemea kushoto. Halafu mpe mwenzako video zile zile ahesabu bila kuona zako, mkipishana sana rudini kwenye maelezo yenu. Na soma makala ya 1974 ya Jeanne Altmann, yule mtafiti wa nyani wa Amboseli, utaelewa kwa nini unamfuata mnyama mmoja kwa muda uliopanga badala ya kuandika kila kinachokuvuta macho.

Kortisoli ya mate, yaani kupima homoni ya msongo kwenye mate ya mbwa, wengi wanaipenda, sawa, ila inapanda hata mbwa akiwa amechangamka kwa mchezo na inabadilika kutwa nzima, namba peke yake haikwambii kama anateseka.

Mimi siku hizi nakomaa na kitu kimoja, mnyama awe na pa kuondokea. Asifungwe kamba fupi, awe na kitanda chake ambako hakuna mtu anaruhusiwa kumfuata, akienda huko kikao kimeisha hata kama mgonjwa bado anamtaka, na wewe unaandika alikaa dakika ngapi kabla hajaondoka maana hiyo nayo ni data. Haya mkubaliane na anayemwongoza mbwa kabla hamjaingia ndani, ukisubiri katikati ya kikao utaona aibu kumkatiza mgonjwa na mbwa ndo atavumilia.