Trekta dogo la mtumba kwa mpunga: likague injini ikiwa baridi

Kwa aliyeuliza kama trekta dogo la mtumba kutoka Japani, HP 24 (nguvu farasi 24), litafaa ekari 6 za mpunga: linafaa, ukilifunga nyuma rotaveta (jembe la visu vinavyozunguka) ya upana wa mita 1.2 hadi 1.4. Usilipe kabla ya kukagua.

Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike, kisha shika injini. Ukikuta ni ya moto, huenda anaficha kuwa asubuhi haliwaki kirahisi. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekufa. Liwashe, fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi ukitoka kwa kusukuma, ringi za pistoni zimeisha. Nyanyua rotaveta, zima injini, ngoja dakika 10. Ikishuka haraka, haidroliki (mfumo wa oili unaoinyanyua) inavuja.

Lakini kwa jaruba, wanapoumia wengi ni ekseli ya mbele ya foo wili (trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne). Sili zikichakaa, maji ya tope huingia na kusaga beringi na gia polepole, wala husikii kelele mpaka zimekwisha. Legeza nati ya chini ya ekseli hiyo, toa oili kidogo, isugue kati ya vidole. Ukihisi mchanga, punguza bei au ondoka.

Ukishalichukua, badilisha oili zote na filta mara moja. Kila siku ya kazi piga grisi, na futa makapi kwenye wavu wa rejeta. Yakiziba, injini inachemka.