Kwa nini umepata 7.7 m/s badala ya 6.2

Swali lilikuwa kutafuta kasi ya bonge la kilo 2 linapofika chini ya mteremko wa mbao wenye urefu wa mita 5 na kimo cha mita 3, likianza limetulia, huku msuguano ukiwa 4 N (nyutoni). Hesabu zako ziko sawa, ila umeusahau msuguano. Kanuni mgh = ½mv² (nishati ya kimo, yaani masi m × mvutano wa dunia g, 9.8 × kimo h, inageuka yote kuwa nishati ya mwendo wa kasi v) inafaa pale tu ambapo hakuna nishati inayopotea njiani.

Bonge lako la kilo 2 linaanza likiwa na 2 × 9.8 × 3 = 58.8 J (jouli) za nishati ya kimo. Msuguano wa 4 N unalikokota kwenye mteremko wote wa mita 5, hivyo 20 J zinageuka joto. Angalia hapo: ni mita 5, urefu wa mteremko, si kimo cha mita 3, wengi hunaswa hapo. Zinabaki 38.8 J, ambazo ndizo ½mv², kwa hiyo v ≈ 6.2 m/s.

Kani ya mbao kulisukuma bonge haiingii kabisa kwenye hesabu hii, maana iko pembe mraba (90°) na mwelekeo wa mwendo.