Droni kwa ramani ya mafuriko: kabla hamjanunua

Mkuu, umeuliza timu yenu ya chuo inunue droni gani ili mpime mafuriko bonde la Msimbazi. Kazi za namna hiyo nilizifanya enzi za Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 ukawaingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani kuichora Dar kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni. Jibu langu huenda lisikupendeze: droni isubiri, tafuteni mjumbe wa mtaa kwanza.

Droni inaona mapaa. Kigogo kule mabati yamebanana, mtaro unapita katikati, na pengine mtu kaufunika kwa mbao akaweka genge juu. Hata picha iwe safi vipi, hamtauona. Upana wake, kina chake, kama umejaa taka au mchanga, hayo mnayapata kwa futi kamba na kutembea. Habari za maji nazo anazo mama anayeishi bondeni. Muulizeni masika yalifika wapi, atawaonyesha alama ukutani: hapa magotini, mwaka ule dirishani. Pimeni alama hiyo, kisha muilinganishe na mwinuko wa ardhi mlioupata kwa droni. Bila hivyo picha zenu ni mapambo ya banda la Sabasaba tu.

Mwinuko wenyewe una masharti. Kila picha irudie asilimia 70 hadi 80 ya eneo la picha ya jirani yake, la sivyo programu inashindwa kuziunga. Wekeni alama ardhini zilizopimwa kwa GPS ya wapima ardhi, si ya simu. Mkiziacha, kimo kinaweza kupotoka hata mita kadhaa, na pale Jangwani nusu mita tu inaamua nani anahama usiku. Kuchakata picha, programu ya OpenDroneMap ni ya bure, ila laptop yenye RAM ndogo itawatesa.

Kibali cha kurusha anzeni leo: TCAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga, na upande wa ulinzi, chuo kiwaandikie barua. Buguruni na Vingunguti ziko jirani na uwanja wa ndege, msithubutu kurusha kienyeji. Rusheni asubuhi kabla upepo wa bahari haujashika. Na hao kunguru wa Dar, jamani, waangalieni!

Kama bajeti ni ya kuungaunga, mkodisheni mwenye droni na vibali vyake kwa siku moja. Hela inayobaki iwe nauli na msosi wa wale watakaoshuka mitaroni.