Nyama ni ya mara moja kwa mwezi, vitamini B12 tutaitoa wapi?

SWALI: Muganga, habari za kazi. Sisi hapa Kadutu nyama tunakula mara moja kwa mwezi mushahara ikiingia, siku zingine ni bugali na sombe (majani ya muhogo) ao maharagi. Mama mkwe wangu ana miaka 68, miezi hii anachoka sana na miguu inamufa ganzi. Jirani akaniambia ni vitamini B ndio inakosekana, nimuongezee sombe tu. Ni kweli? (Mukamwana, Bukavu)

JIBU: Jirani iko na haki nusu, mama. Sombe, lenga-lenga (mchicha) na maharagi zinaleta folate, ile vitamini B9, ila B12 haiko mu jani lolote hata ujaze sufuria mpaka juu, inatengenezwa na bakteria na sisi tunaipata kwa nyama, samaki, yai, maziwa. Na ikikosekana sana ndio mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inaanza ganzi.

Sasa usianze kuhesabu bei ya kilo ya nyama. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Sambaza wetu, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu (wageni hawa, walitolewa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo nani anakumbuka!) wako nayo vizuri, tena unawala wazima na kichwa na tumbo. Twanga mkono mmoja wa waliokauka, tia ndani ya hiyo hiyo sombe yako. Ukiwapika na nyanya usimwage mchuzi, vitamini ingine imebaki mule, chovya bugali. Yai moja inatoa kama mikrogramu 0.5, kikombe cha maziwa kama 1.2. Na siku ya mushahara omba maini, hapo hakuna anayeyashinda.

Lakini kwa mama mkwe, chakula peke yake siamini. Mtu akizeeka asidi ya tumbo inapungua, na bila hiyo B12 haiachani na chakula, basi anaweza kula sambaza kila siku na damu ibaki tupu tu. Metformine, dawa ya ugonjwa wa sukari, nayo inaipunguza. Mpeleke labo wapime damu, ikiwa ni hiyo watamchoma sindano. Vidonge vya asidi ya foliki usimnunulie kwanza: damu inaweza kurudi, mnasema kapona, kumbe mishipa inaendelea kuoza pole pole. Wapime na sukari siku hiyo hiyo, maana nayo inaleta ganzi ya miguu.