Hukwe Zawose: Nianze na Albamu Ipi?

*Mbukwenyi wahariri. Nimezaliwa Dodoma mjini, Kigogo nakisikia nusunusu. Nataka kumsikiliza vizuri Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, lakini kwenye simu nimekuta albamu nyingi: moja ina magitaa, nyingine ina majina ya watu watatu, nyingine imetoka Japani. Nilianza na ile ya magitaa nikaishia wimbo wa pili. Nianze wapi?*
Msomaji, Chang'ombe, Dodoma

Mbukwa. Anza na *Chibite*, iliyotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Hatusemi ndiyo bora kuliko zote, na wapo watakaotubishia. Tunaitanguliza kwa sababu imerekodiwa kwa usafi, vyombo si vingi, na karibu kila alichokuwa nacho mzee kimo humo: ilimba (sanduku lenye vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba), zeze, njuga, na ile sauti inayonguruma kifuani kisha ghafla ikapanda juu kama ya mtu mwingine. Yuko pamoja na Charles Zawose wa ukoo wake, na wawili hao wanaelewana bila kusukumana.

Usiisikilize yote kwa mkupuo. Chagua wimbo mmoja, kwa mfano "Sisitizo la Amani Duniani", ambao maneno yake hayatakupa shida, uurudie mara tatu. Mara ya kwanza fuata ilimba peke yake, usijali anaimba nini. Mara ya pili fuata sauti, uone anapoingia na anapoachia. Mara ya tatu sikiliza njuga. Tunasema hivi kwa sababu sikio lililozoea Bongo Fleva hukaa likisubiri kiitikio kikubwa na ngoma idondoke, na hapa hakuna kinachodondoka. Mzunguko wa ilimba unajirudia, ila kila unaporudi kuna kitu kidogo kimehama. Asiyelijua hilo huchoka dakika ya pili na kusema nyimbo zote zinafanana.

Ukishaizoea *Chibite*, rudi nyuma hadi miaka ya 1980, kwenye *Tanzania Yetu* na *Mateso*, zote za kampuni ya Triple Earth ya Uingereza. Hizo ndizo zenye majina matatu uliyoyaona: Hukwe Zawose, Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Hapa wengi hupotea, kwa sababu mahali pengine jina la msanii limeandikwa Master Musicians of Tanzania. Ukitafuta "Zawose" tu unaweza usizione kabisa, kwa hiyo tafuta kwa jina la albamu. Muziki wake ni mkavu zaidi, haujapigwa pasi, na unasikika kama watu waliokaa karibu karibu. Ni nyakati zile Zawose alipokuwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alizaliwa kijiji cha Doduma huku kwetu, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam baada ya Uhuru, kisha makazi yakawa Bagamoyo hadi alipofariki Desemba 2003. Ndiyo maana Kiswahili na Kigogo vinapishana kwenye nyimbo zake, na zile za kuisifu nchi zinakaa jirani na za nyumbani.

Baada ya hapo chukua *Mkuki wa Rocho*, halafu ndipo uirudie *Assembly* ya mwaka 2002, ambayo bila shaka ndiyo iliyokukimbiza. Aliifanya na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada. Ni kazi nzuri, ila ni mlango mbaya wa kuingilia. Ilimba imewekwa chini ya magitaa na mitambo, na mgeni hawezi kujua kipi ni cha Zawose na kipi ni cha Brook. Ukienda huko ukiwa na miezi kadhaa ya *Chibite* masikioni, utawatenganisha mwenyewe, na utaona pale walipokutana kweli na pale mmoja alipomfunika mwenzake.

Za JVC ya Japani ziache ziwe za mwisho. Zinamfaa aliyekwisha kunogewa.

Na jambo moja dogo: zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Programu nyingi za simu hukirudisha zenyewe, na kuruka kutoka *Mateso* hadi *Assembly* ni njia ya haraka ya kutoelewa zote mbili.

*Nimepakua nyimbo za Zawose, lakini ilimba inakwaruza kama spika imepasuka. Fundi kaniambia nibadili spika. Je, nibadili?*
Msomaji, Mpwapwa

Subiri kwanza, dada. Ilimba ya Kigogo imetengenezwa ili ikwaruze. Sanduku lake lina tundu linalozibwa kwa utando mwembamba wa buibui, ule wa kufunikia mayai yake. Chuma kikidonolewa, hewa ndani ya sanduku inatikisika, utando unatetema, na mlio unapata ule mvumo wa nyuki. Isitoshe, kuna vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vimetuniwa viitikie vyenyewe wenzao wanapopigwa. Ilimba za Zawose zilikuwa kubwa kupita kawaida, nyingine na vyuma zaidi ya 60, kwa hiyo msitu wa miitikio humo ni mnene.

Kupima spika ni rahisi. Weka wimbo mwingine wenye gitaa na sauti ya mtu tu, kwa sauti ileile. Ukikwaruza nao, fundi yuko sahihi. Tofauti nyingine ni hii: mkwaruzo wa ilimba unazaliwa na kila noti na kufa nayo, hata ukipunguza sauti. Wa spika iliyochanika unajitokeza zaidi kwenye besi na unazidi kadiri unavyoongeza.

Kama unatumia sabufa, shusha besi hadi katikati na uweke ekwalaiza sawasawa. Sabufa nyingi za madukani zimepangwa kwa ajili ya ngoma za kompyuta. Zinavimbisha noti za chini za ilimba mpaka zinameza vile vyuma vinavyoitikia. Spika ya simu nayo ina kosa la upande wa pili, inakata chini yote na kukuachia mkwaruzo mtupu, na pengine hicho ndicho ulichosikia. Visikilizio vya waya vya bei ya kawaida vitakutosha.

Angalia pia ubora wa faili. Nyimbo za kurushiwa kwenye memori kadi vibandani mara nyingi zimebanwa sana, na mvumo wa utando ndio wa kwanza kuharibika: unageuka kuwa kama maji yanayochemka. Ukipakua mwenyewe, saa 1 ya muziki kwa kilobiti 320 kwa sekunde inakula takriban MB 144, na kwa kilobiti 96 ni kama MB 43. Kwa muziki huu tofauti hiyo inasikika. Pakua mara moja kwa ubora wa juu uhifadhi, badala ya kila siku kuchoma bando kwa ubora wa chini.

*Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimejaribu kufuatisha Zawose kwa kinanda na gitaa, kila mara kuna noti moja inagoma. Tatizo ni rekodi?*
Msomaji, Manyoni

Rekodi haina tatizo, mwalimu, na kinanda chako ni kizima. Ila kinanda na ilimba havikutuniwa kwa hesabu moja. Noti za Wagogo zinafuata miitikio ya asili ya uzi au bomba, yaani noti zinazotoka uzi ukigawanyika sehemu sawa, kuanzia mwitikio wa 4 (sehemu nne) hadi wa 9 (sehemu tisa). Kwa kinanda tukianzia C tunapata C, E, G, B flati, C, kisha D. Inayogoma ni ile B flati. Mwitikio wa 7 uko chini ya B flati ya kinanda kwa senti 31, yaani karibu theluthi ya nusu-sauti (nusu-sauti nzima ina senti 100). E nayo iko chini kwa senti 14. D imezidi kwa senti 4, ambazo huna haja ya kuhangaika nazo.

Kinanda chako kikiwa na sehemu ya kurekebisha kila noti peke yake, shusha B flati senti 31 na E senti 14. Lakini kwanza linganisha C yako na noti ya msingi ya wimbo kwa kuhamisha ufunguo na kurekebisha tuni ya kinanda kizima, maana ilimba hutuniwa kwa sikio na haikupangwa ikutane na C ya mtu. Wengi hufanya kinyume, wakashusha B flati wakati msingi wenyewe umepishana, kisha wakakata tamaa.

Kwa gitaa ni rahisi zaidi. Chukua uzi mnene kabisa, mpya kama inawezekana. Gusa bila kukandamiza, donoa karibu na daraja, ondoa kidole upesi. Kama uzi una urefu wa sm 65 kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani, gusa kwenye sm 16.2 (juu ya freti ya 5), 13, 10.8, 9.3, 8.1 na 7.2. Hizo ndizo noti zenyewe, kwa mpangilio wa kupanda. Ile ya sm 9.3, kabla kidogo ya freti ya 3, ndiyo iliyokuwa ikikusumbua. Mbili za mwisho hutoka dhaifu, kidole kikihama kidogo tu zinakufa, kwa hiyo pima kwa rula mara ya kwanza.

Kwaya yako ifundishe bila kinanda. Waimbaji wa huku wengi wanaiweka noti hiyo mahali pake wenyewe, kinanda ndicho kinachowavuta kwingine.

*Wanawake mbona hawaonekani kwenye albamu hizi, na muheme, ngoma ya Kigogo, ni wao?*
Msomaji, Singida

Swali la haki. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo huo waliitikia na kupiga ngoma huku wanaume wakiongoza. Tafuta *Maisha* ya The Zawose Queens, iliyotoka mwaka 2024 kwa Real World ileile. Wanaoongoza ni Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Kuna mitambo kidogo katika baadhi ya nyimbo, ila haizidi sauti zao. Tungeisikiliza mara tu baada ya *Chibite*, kabla hata ya *Mateso*.

Ukitaka kujua muziki huu ulivyokuwa kabla Zawose hajajulikana, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Tanganyika mwaka 1950, na kampuni ya SWP imezitoa upya rekodi hizo, za vyombo peke yake na za sauti peke yake. Na muheme wenyewe usiusikilize kwa visikilizio tu. Chamwino hufanyika tamasha la muziki wa Kigogo. Ulizia tarehe mapema, kwa sababu vikundi hutoka vijijini na ratiba husogea.